Somo la Mwezi: Nani Atamfungua Lazaro?

Fungu la kusoma: Yohana 11:38–44. Soma pia Mathayo 12:43–45 na Yakobo 5:13–16.



Mwezi huu Padre ameniomba niandike somo juu ya jambo ambalo katika mtaa wetu twalinong'ona lakini hatulisemi, yaani ulevi na mazoea mengine yanayomtawala mtu. Sikusudii kuandika juu ya ubaya wa pombe. Mahubiri ya namna hiyo tumeyasikia tangu utoto, na walevi wenyewe wanaujua ubaya huo kuliko sisi. Nataka tujifunze jambo jingine: mtu ambaye amekwisha kutaka kuacha, tena si kitu kimoja bali viwili, vitatu au vinne, aupate wapi msaada, na sisi wengine yatupasa kufanya nini. Tafadhali chukua Biblia yako, soma kwanza mafungu hayo, ndipo uendelee.

1. Twaona nini katika fungu hili?

Lazaro wa Bethania amekaa kaburini siku 4. Bwana afika, aagiza jiwe liondolewe. Martha amkumbusha kwamba maiti imekwisha kunuka. Jiwe laondolewa, Bwana amwomba Baba, kisha amwita Lazaro kwa sauti kuu, naye atoka. Lakini tazama anavyotoka. Mikono na miguu yake imefungwa sanda, na uso wake umezungushiwa leso. Yu hai, lakini hawezi kwenda vema, wala kushika kitu, wala kuona. Ndipo Bwana awaagiza watu waliosimama pale wamfungue, wamwache aende zake.

Na tuzigawe kazi hizi kama tunavyofanya ubaoni. Kumpa Lazaro uhai ni kazi ya Bwana peke yake. Lakini kazi 3 aliwaachia watu: kuliondoa jiwe, kuivumilia harufu, na kuzifungua sanda. Je, yeye aliyeweza kumfufua maiti angeshindwa kufungua kitambaa? Hasha. Aliwaachia watu kazi hiyo kwa makusudi, na sisi leo ndio tuliosimama pale kaburini.

2. Sanda ni zaidi ya moja

Sisi tumezoea kumtaja mtu kwa sanda moja. Huyu ni mlevi, yule ni teja, mwingine ni mtu wa kamari. Walakini wauguzi na waganga watakuambia kwamba mara nyingi mazoea haya hayaji peke yake. Mnywaji wa gongo huvuta sigara. Mtafunaji wa mirungi hukosa usingizi, akatafuta vidonge au pombe vimtulize. Mtumiaji wa unga huchanganya na bangi na vidonge. Na siku hizi kamari imeingia katika simu, kijana abeti akiwa kitandani. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeiweka kamari inayomtawala mtu katika fungu moja na ulevi wa pombe na wa dawa za kulevya.

Sababu yake ni hii. Ubongo wa mwanadamu una sehemu inayotupa furaha tukila, tukipumzika, tukikaa na wapenzi wetu. Kilevi huigusa sehemu hiyo kwa nguvu isiyo ya kawaida, na baada ya muda ubongo huzoea, ukadai zaidi ili mtu ajisikie kuwa mzima tu. Ukimwondolea kimoja, lile dai halifi siku hiyo hiyo. Latafuta mlango mwingine. Bwana wetu alilieleza jambo la namna hii katika Mathayo 12: pepo aliyetoka amerudi, ameikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini haina mtu ndani, naye akachukua wenzake 7. Kosa la mwenye nyumba halikuwa kufagia. Kosa lilikuwa kuiacha tupu.

Hapa nitasimulia habari ya mwalimu mwenzangu, tuliyefundisha naye katika chuo cha ualimu. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa, ila jina na mahali nimeviacha.

Alikuwa mwalimu hodari wa hesabu, naye alikunywa sana. Kila Jumatatu sisi wenzake tuligawana vipindi vyake ili mkuu wa chuo asijue. Tulidhani ni upendo. Kumbe tulikuwa tumeliegemea jiwe kwa migongo yetu lisipate kuondoka. Kwaresima moja alisimama mbele ya kanisa akaweka nadhiri ya kuacha pombe. Tulipiga makofi, tukaimba, tukaenda nyumbani kunywa chai. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza usiku huo amelalaje.

Hakulala. Alianza kununua vidonge vya usingizi katika duka la dawa. Sigara zikaongezeka kutoka pakiti 1 kwa siku hadi 2. Alipostaafu na kupata kiinua mgongo, akaanza kubeti. Muda huo wote sisi kanisani tulimhesabu kuwa ni mtu aliyeokolewa katika ulevi. Hatimaye akarudi kwenye bia, sasa pamoja na vidonge. Jioni moja akaja kwangu, akasimama barazani, hakutaka hata kuketi. Akaniambia, “Mwalimu, nimeshindwa. Nikifunga mlango huu, ule unafunguka. Nisaidie.”

Nami nikamjibu, “Jikaze mwenzangu, umwombe Mungu.” Kisha nikamsindikiza mpaka barabarani.

Alifanya kama nilivyomwambia. Alikwenda nyumbani, akamwaga bia, akatupa vidonge vyote chooni, akajikaza. Siku ya tatu alitetemeka, akaona watu wasiokuwapo, akaanguka kifafa ambacho hakuwa nacho maisha yake yote. Kijana jirani mwenye bodaboda ndiye aliyemwahisha hospitali. Mganga alitueleza kwamba kuviacha vyote viwili ghafla, bila uangalizi, kulikaribia kumwua. Ndugu zangu, aliyempa ushauri huo ni mimi. Ndiyo sababu ninaandika somo hili.

3. Kazi ya kwanza: kuliondoa jiwe

Jiwe ni siri. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini tusimlaumu mgonjwa peke yake, maana mara nyingi jiwe huwekwa na jamaa na kanisa kwa kuogopa aibu.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio huko Marekani, watu wawili walikutana: Bill Wilson, mfanyabiashara, na Robert Smith, mganga. Wote wawili walikuwa walevi. Wilson alikuwa ameacha pombe tangu Desemba 1934, naye alitambua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake, kiu yake mwenyewe yapungua. Ndivyo kilivyoanza chama cha Alcoholics Anonymous. Kitabu chao chenye zile hatua 12 kilitoka mwaka 1939. Yafaa sisi Waanglikana tujue kwamba Wilson alikiri kuwa mengi ya hatua hizo alijifunza kwa padre wa kanisa dada letu la Marekani, Samuel Shoemaker, wa Calvary Church mjini New York. Mwaka 1953 waraibu wa dawa za kulevya huko California walianza chama chao, Narcotics Anonymous, kwa kuufuata mpango ule ule.

Katika hatua hizo mtu aanza kwa kukubali kwamba ameshindwa, ajikabidhi kwa Mungu, aungama makosa yake kwa Mungu, kwa nafsi yake na kwa mtu mmoja mwingine, kisha awaendea aliowakosea ili atengeneze. Je, hili ni geni kwetu? Yakobo atufundisha kuungamiana dhambi na kuombeana. Kitabu chetu cha Sala kina ungamo la wote, na Padre yuko tayari kumsikiliza mtu kwa faragha, na ayasikiayo huko hayatoki. Basi anayetaka kuanza na aanze na mtu mmoja anayeweza kutunza siri, na amweleze vyote. Asitaje pombe akaficha vidonge, wala asitaje unga akaficha kamari. Sanda uliyoificha ndiyo itakayokuangusha.

4. Kazi ya pili: kuivumilia harufu

Martha hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli: maiti ilikuwa inanuka. Na mtu aliyetawaliwa na vilevi naye ana harufu yake. Amekopa hakulipa, ameuza sufuria za nyumbani, amesema uongo hata kwa mamaye. Anapoanza kuacha, kwa majuma mengi huwa mkali, hana usingizi, asahau ahadi. Watu husema, “Huyu tumekwisha kumchoka.” Wana haki ya kuchoka. Ila tusiseme kwamba siku 4 ni nyingi kwa Bwana.

Kuvumilia, hata hivyo, si kudanganywa. Usimpe fedha mkononi. Mpe chakula, mlipie nauli kwa kondakta, kaa naye zahanati. Usimfichie makosa kazini kama tulivyofanya sisi. Na mke au mama aliyepigwa au kuibiwa asiambiwe kwamba uvumilivu ni kubaki hatarini. Yeye naye ana haki ya kulindwa na kupata mtu wa kumsikiliza, na hapo Umoja wa Akina Mama una kazi kubwa kuliko ya kupamba madhabahu.

5. Kazi ya tatu: kuzifungua sanda

Maandiko hayasemi walianzia wapi kumfungua Lazaro. Lakini mtu yeyote mwenye akili angeanzia usoni, ili mtu apumue. Kadhalika katika jambo hili kuna utaratibu.

(a) Anzia hospitali. Aliyekunywa sana kila siku, au aliyetumia vidonge vya usingizi kwa muda mrefu, asiache ghafla akiwa peke yake. Hatari yaweza kuanza katika saa za mwanzo na kuendelea hata siku ya tatu au ya nne: kutetemeka, kifafa, kuona visivyopo, na hata kufa. Mganga ana dawa za kumpitisha, au hupunguza vidonge kidogo kidogo. Arosto ya unga ni maumivu makali sana, ingawa kwa kawaida haiui kama ile ya pombe. Hatari ya unga ni nyingine: aliyekaa miezi bila kutumia, akirudia kipimo chake cha zamani, mwili umekwisha kukisahau, naye hufa kwa kukosa pumzi. Na kuchanganya pombe, vidonge na unga ni kuzidisha hatari hiyo hiyo ya pumzi. Kwa hiyo mweleze mganga vyote unavyotumia. Haulizi ili akushitaki.

(b) Dawa ya methadoni. Kwa waraibu wa unga, Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na tangu hapo kliniki zimeongezeka katika mikoa mingine na Zanzibar. Mgonjwa hunywa dawa yake kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo, naye hurudi kazini na kwa watoto wake. Wako wasemao kwamba huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Sivyo. Mwenye kisukari anayechoma sindano kila siku hatumwiti mraibu. Ila methadoni haitibu pombe wala kamari, na kuinywa pamoja na pombe au vidonge ni hatari. Hapa ndipo wengi hujikwaa: unga umeachwa, chupa imeshikwa.

(c) Nyumba na vikundi. Ziko nyumba za upataji nafuu, bara na Zanzibar, ambako mtu hukaa kwa miezi pamoja na wenzake, na nyingi za Zanzibar hufuata zile hatua 12. Kabla ya kumpeleka ndugu yako, nenda ukaione nyumba kwanza. Uliza kama imesajiliwa, na kama mgonjwa hufungwa au kupigwa. Pahali panapofunga watu minyororo si hospitali wala kanisa. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yaweza kukuelekeza, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure, namba 119.

(d) Nyumbani. Hapa narudi kwa mwenzangu. Alipotoka hospitali tuliketi watu 4 naye: mkewe, muuguzi wa kliniki, mtu mmoja aliyekuwa na miaka mingi bila pombe, na mimi. Tuliandika katika daftari kila sanda na mtu wa kushughulika nayo. Pensheni yake, kwa hiari yake mwenyewe, ikawa inashikwa na mkewe. Simu kubwa aliiuza, akanunua ya kubofya isiyoweza kubeti. Vidonge vilipunguzwa na kliniki kwa ratiba. Yule mzoefu alimchukua kila juma kwenye kikundi. Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo kuliko zote: kumfuata saa 12 jioni, saa aliyozoea kwenda kilabuni, tutembee hadi mtoni na kurudi. Muuguzi alituambia tusiidharau kazi hiyo. Nyumba iliyofagiwa lazima ipate mtu wa kukaa ndani.

(e) Kanisani. Mkristo aliyeacha pombe anapofika altareni huogopa kikombe. Na ajue kwamba anayepokea mkate peke yake amepokea Sakramenti kamili, Kristo mzima. Avuke kikombe bila kuona haya, na jirani yake asimtazame kwa mshangao. Tena katika harusi na mavuno yetu, soda na maji viwekwe mbele kama bia inavyowekwa, na anayekataa asiulizwe sababu. Na Kwaresima tunapoacha kitu kimoja kwa siku 40, tusimsifu mtu mbele ya watu kisha tukamsahau siku ya Pasaka.

6. Akianguka tena

Mwenzangu alianguka mara 2. Mara ya kwanza alijificha siku 9 kwa kuwa alifikiri tutamfukuza. Mara ya pili alipiga simu usiku ule ule. Kwangu mimi, tofauti ya siku 9 na saa 1 ni ushindi mkubwa kuliko nadhiri ile tuliyoipigia makofi. Leo ana mwaka wa 3 bila pombe, bila vidonge, bila kubeti.

Sigara bado. Nasi hatukuitupa sanda hiyo kando tukasema ni ndogo, maana Bill Wilson niliyemtaja, baada ya miaka 36 bila pombe, alifariki mwaka 1971 kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na sigara. Zamani watu walidhani kwamba kuacha sigara pamoja na pombe kutamshinda mgonjwa. Leo waganga wasema kwamba kuacha sigara hakumrudishi mtu kwenye pombe, bali humsaidia. Mwenzangu amepanga kuanza Jumatano ya Majivu, na safari hii hatasimama mbele ya kanisa kutangaza. Jioni tutatembea mara 2 badala ya moja.

Ndugu msomaji, huenda unasoma haya ukiwa wewe ndiwe mwenye sanda. Usinijibu mimi wala Padre leo. Chagua mtu mmoja tu, umwambie yote kabla ya Jumapili. Na wewe utakayeambiwa, usijibu kama nilivyojibu mimi barazani kwangu. Kumwombea ni lazima, lakini mwambie kwanza, “Karibu uketi,” kisha kesho yake uende naye hospitali.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika fungu letu, ni kazi zipi Bwana alizifanya mwenyewe, na zipi aliwaachia watu? Kwa nini?
2. Je, katika familia au kazini tumewahi kuliegemea jiwe tukidhani ni upendo? Eleza bila kutaja majina.
3. Nyumba ya Mathayo 12 ilifagiwa ikabaki tupu. Mtu aliyeacha kilevi katika mtaa wetu atafanya nini jioni? Taja mambo 3 tunayoweza kuyaanzisha mwezi huu.
4. Ni zahanati au hospitali ipi iliyo karibu nasi inayoweza kumpokea mtu wa namna hii, na nani kati yetu atakwenda kuuliza?

Sala

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyelia kwa ajili ya rafiki yako, uwatazame ndugu zetu waliofungwa na mazoea mengi. Uwaite kwa majina yao watoke. Utupe sisi nguvu ya kuondoa jiwe, moyo wa kuvumilia, na mikono yenye subira ya kufungua. Uwarehemu wake, waume, wazazi na watoto wanaoteseka kwa ajili yao. Nao waangukapo, usituache tuondoke. Uishiye na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.